Kubadilisha na kuunga sili za katapila la zamani bila kurudia kazi mara tatu

Katapila la zamani likianza kulala na kidimbwi cha oili chini ya sproketi, lile gurudumu la meno linalovuta cheni, mtu wa kwanza kulaumiwa ni sili, ile pete inayozuia oili isivuje. Mimi pia nilikuwa hivyohivyo, naona oili nakimbilia dukani, nafunga sili mpya, wiki mbili tatu mbele kidimbwi kimerudi palepale na mimi nimeshatukana kiwanda kizima. Kiukweli sili mara nyingi inakufa kwa sababu kuna kitu kingine kimeiua, na usipokijua hicho kitu kitaua na hiyo mpya.

Kwahiyo kabla hujashika spana angalia vitatu. Cha kwanza ni kipumulio, kile kikofia kidogo juu ya giaboksi au pale oili inapojaziwa, kwenye mashine ya miaka mingi utakikuta kimeziba kwa tope na grisi kavu kama jiwe. Gia zikipata moto hewa ya ndani inatanuka, ikikosa pa kutokea inasukuma oili kwenye sili, na hapo hata uweke sili ya dhahabu itavuja. Nimeshaona uvujaji unaisha kwa kuosha kikofia tu na mafuta ya taa. Cha pili ni kimo cha oili, maana kuna watu wakiona inavuja wanaijaza kupita kipimo ili isiishe haraka, na ndo wanazidisha. Cha tatu ni beringi. Nyanyua upande mmoja, weka magogo, cheni ikiwa imelegea ingiza mtaimbo chini ya sproketi uisukume juu chini na ndani nje. Ukisikia inacheza, sili haina kosa, shafti inayoyumba inaukimbia mdomo wa sili, yaani ule ukingo unaoigusa, kila mzunguko. Hapo beringi zirekebishwe au zibadilishwe kwanza, na shimu, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, zipangwe upya kwa kipimo cha kitabu cha mashine, sili iwe ya mwisho.

Kingine, jua unavuja wapi. Mashine nyingi za zamani zina klachi za kukatia kona, kavu, na chini ya chumba chake kuna plagi, yaani kizibo cha kumwagia. Ifungue. Ikitoka oili nzito ya gia ujue sili ya ndani imekufa na klachi zinaloa, ndo maana trekta linagoma kukata kona vizuri.

Sasa kwenye kufungua nina neno moja tu la usalama, ila ulichukue kweli. Ile springi kubwa ya kukaza cheni nyuma ya gurudumu la mbele imebanwa kwa nguvu ya tani kadhaa, bolti zake usiziguse kama huna kifaa chake, watu wamekufa hapo. Kama cheni yako inakazwa kwa grisi, legeza valvu taratibu, mzunguko mmoja basi, ukiwa umesimama pembeni sio mbele yake. Jeki ni ya kunyanyulia, ya kushikilia ni magogo. Na kabla hujapiga pini yoyote ya cheni itafute ile kuu ya kufungulia cheni, kwa kawaida ina alama, kitobo au kishimo kichwani ambacho wenzake hawana, ukipiga ambayo sio utapoteza mchana mzima.

Osha nje kote kabla ya kufungua. Tope likiingia kwenye beringi umejitengenezea kazi nyingine.

Sili ya kawaida ya mdomo wa raba kila fundi anaijua ila wengi wanaitoa vibaya. Patasi ikigusa shafti tu umeacha mkwaruzo na mkwaruzo huo ni mfereji wa oili. Toboa kitundu kidogo kwenye bati la sili, funga skrubu ya mbao, vuta na koleo, upande huu na upande wa pili. Usiitupe ya zamani kabla hujaipima kipenyo cha ndani, cha nje na unene, na angalia ilikuwa imeangalia wapi: kile kispringi chembamba kinaangalia oili siku zote. Alafu pitisha ukucha kwenye shafti pale mdomo ulipokuwa unakaa. Ukucha ukinasa, kuna mfereji, na sili mpya ikikaa mlemle itavuja. Kama nafasi ipo isogeze milimita 2 au 3 mdomo ukae kwenye chuma kizima, kama haipo vesha shafti ile slivu nyembamba kama karatasi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Msasa upige kwa kuzunguka shafti, usipige kwa urefu, maana mistari ya urefu inapitisha oili nje kama mfereji. Wakati wa kuingiza funika meno ya shafti kwa selotepu, paka mdomo oili, na sili igonge kwa kipande cha bomba kinachokaa kwenye ukingo wake wa nje, sio nyundo huku mara kule.

Sasa kuunga, hapa ndo penye maswali mengi, kwasababu sili za mashine hizi zingine hazitengenezwi tena na pete za raba za saizi kubwa hazipatikani. Raba ya mviringo inauzwa kwa mita, taka ile ya naitrili ambayo hailiwi na oili, inavumilia mpaka kama nyuzi 100 hivi, na sehemu yenye moto zaidi taka ya vitoni. Urefu wake ni hesabu ndogo: chukua kipenyo cha pale raba inapokaa, ongeza unene wa raba, zidisha kwa 3.14. Mfano, inakaa kwenye kipenyo cha milimita 200 na raba ni ya 6, ni 206 mara 3.14, unapata 647. Mimi nakata 640 ili ikae imevutika kidogo, ikilegea inatoka kwenye mfereji wakati unafunika na utaikata. Na mfereji wenyewe uwe na kina cha kama milimita 5 kwa raba ya 6, ibanwe, lakini isipondeke.

Kata kwa wembe mpya, sio kisu cha jikoni, sukuma mara moja usikereze kama msumeno. Mkato ulionyooka unatosha, ukitaka nguvu zaidi kata mshazari ili eneo la gundi liwe kubwa, ila ncha zote mbili zikatwe kwa pembe ileile. Futa ncha kwa spiriti, zikauke, usizishike tena na kidole maana jasho na mafuta ya mkono ndo yanaachanisha. Chukua kipande cha chuma cha engo, ile kona yake ya ndani ni kama mfereji, laza humo ncha mbili zikiangaliana, hapo zinakutana zenyewe bila kupishana. Weka supaglu tone dogo kwenye ncha moja tu, moja, watu wanajaza wakidhani ndo inashika, kumbe gundi nene inakuwa kama kioo na inavunjika. Sukuma zikutane, hesabu taratibu mpaka 30, acha. Baada ya saa moja ikunje hapo kwenye kiungo na uivute, ikiachia sasa hivi ni bora kuliko kuachia ndani ya mashine. Vinundu vya gundi pitisha msasa laini. Ukifunga, kiungo kikae juu, juu ya kimo cha oili.

Ila raba ya kuunga ni ya mahali palipotulia, vifuniko na nyumba za beringi. Usiiweke mahali shafti inazunguka ukategemea itadumu, kiungo ni kigumu kuliko raba nyingine na kitajitafuna.

Kuna zile za zamani kabisa za kwenye sproketi, kama kinanda cha mkono cha kukunja na kukunjua, ila cha bati, chenye springi ndani na pete ya koki au ngozi inayosugua bamba la chuma. Bati likiwa zima na pete ndo imekwisha, unaweza kubandika pete mpya. Gundi ya viatu oili inailainisha, tumia ile ya tyubu mbili za kuchanganya. Kwangua bati mpaka chuma kiwe cheupe, piga msasa mkali ili gundi ipate pa kung'ang'ania, futa kwa thina, bandika, weka katikati ya mbao mbili zilizonyooka na klampu isiyobana sana, acha mpaka kesho. Ngozi loweka kwenye oili BAADA ya kubandika, ukiloweka kabla haishiki hata uifunge na kamba. Na lile bamba inakosugua liangalie, likiwa na mifereji lisawazishwe au libadilishwe, sivyo pete mpya italiwa upesi.

Kamba nyeusi za kuzibia oili kwenye mashine za zamani zinaweza kuwa na asbesto, ziloweshe maji kabla ya kuzitoa, usipulize kwa kompresa wala kusugua zikiwa kavu, vumbi lake halina utani na mapafu.

Zile sili za chuma mbili zinazotazamana, kila moja na raba yake nene, zipo kwenye rola (magurudumu madogo yanayopita juu ya cheni) na sproketi nyingi kuanzia za miaka ya 60 na kuendelea, hizo ndo zimeniadhibu. Mara ya kwanza nilipaka raba oili nikidhani naisaidia iingie. Iliingia kweli, alafu ikawa inazunguka kwenye kiti chake badala ya kushika, siku ya nne oili chini na ni mimi niliyefanya, siwezi kumsingizia mtu. Raba na kiti chake vinatakiwa vikauke kabisa. Ikigoma kuingia lowesha kwa spiriti tu, ambayo inakauka yenyewe. Angalia mstari wa raba usiwe umejipinda kama kamba, pima kimo cha chuma kutoka kwenye kiti sehemu nne kuzunguka, tofauti isizidi milimita 1, ikizidi toa uanze upya, usiigonge upande uliopanda. Oili inapakwa kwenye uso unaong'aa peke yake, tone moja kwa kidole safi. Na zisogelee polepole hizo nyuso, ukizigonganisha zinapata ufa ambao huuoni.

Ukitaka kurudishia za zamani angalia ule mstari mwembamba unaong'aa kwenye uso. Zikiwa mpya uko karibu na ukingo wa nje, kadiri zinavyolika unahamia ndani. Ukifika ukingo wa ndani zimekwisha. Ukiwa bado mbali, zirudishe jozi ileile, kwahiyo ziwekee alama wakati wa kufungua, ukichanganya mke wa huku na mume wa kule hazikai.

Ukishafunga, jaza oili mpaka kipimo, kipumulio kikiwa kimeoshwa, kaza cheni kwa kipimo cha kitabu chake maana ikikazwa kama gitaa inakandamiza beringi na tunarudi kulekule. Tembeza gia ndogo kama saa moja mbele na nyuma, simama, pangusa pakauke kabisa kisha nyunyiza unga wa chaki kuzunguka sili. Tembeza tena kidogo. Chaki ikibaki nyeupe nenda kazini, ikiwa na mstari mweusi utaona mpaka upande gani oili inapotokea.