Namna ya Kuchunguza Athari za Wayunani katika Utamaduni wa Wayahudi wa Kale

Anza na mwaka 332 KK, Aleksanda Mkuu alipoitwaa Yudea, kisha uhamie Alexandria, mji wa Misri, kwa kuwa huko ndiko Torati ilikotafsiriwa kwa Kiyunani katika karne ya 3 KK, kwa ajili ya Wayahudi ambao wengi wao hawakuzungumza tena Kiebrania. Usiharakishe kuieleza vita ya Wamakabayo (ukoo wa Kiyahudi ulioongoza uasi), iliyozuka baada ya Antioko IV, mfalme wa Kiyunani aliyeitawala Yudea, kulinajisi Hekalu mwaka 167 KK, kuwa ilikataa kila jambo la Kiyunani: chunguza baadhi ya sarafu za Alexander Jannaeus, mfalme wa ukoo huohuo, zenye maandishi ya Kiebrania upande mmoja na ya Kiyunani upande wa pili. Ushahidi huo, kwa maoni yangu, unazidi uzito hoja nyingi ndefu. Ndipo umsome Philo, Myahudi wa Alexandria aliyeifafanua Torati kwa falsafa ya Plato.