Nafasi tupu shambani: ijaze wewe kabla ya magugu

Ukipita Misungwi au Sengerema, mkoani Mwanza, mwezi Desemba, mihogo ya vuli ikiwa imefika magotini, tazama katikati ya mistari. Muhogo hupandwa mita 1 kwa mita 1, na majani yake hayafuniki ardhi mpaka ipite miezi mitatu hivi, pengine minne. Muda wote huo sehemu kubwa ya shamba iko wazi, inanyeshewa mvua na kupigwa jua bure. Ndago na magugu mengine hawahitaji kukaribishwa.

Wengi hupambana na hali hiyo kwa jembe peke yake: palizi ya kwanza, ya pili, hata ya tatu. Mimi naona ni nafuu kumweka mpangaji wako mwenyewe. Panda choroko au kunde mistari miwili katikati ya mihogo, ukiacha sentimita 30 hivi kutoka kwenye shina. Choroko hukomaa kwa miezi miwili na kidogo, kwa hiyo unavuna kabla kivuli cha muhogo hakijafunga. Palizi ya kwanza bado utaifanya, usidanganywe.

Kuna na mapengo ya mashimo yasiyoota. Ekari moja ina mashimo karibu 4,000. Yakikosa 400, sehemu ya kumi ya shamba umewaachia magugu. Kagua wiki ya tatu baada ya kupanda na urudishie, kwa hiyo siku ya kupanda bakiza pingili chache kivulini, zitoke kwenye mashina yasiyo na magonjwa ya batobato wala michirizi ya kahawia. Mwezi ukishapita, acha kurudishia muhogo. Mihogo jirani itaukalia juu na hautaweka mizizi ya maana. Tia kunde.

Kwenye mahindi na mtama pengo baya liko chini, usiloliona. Mbegu za kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka, hukaa udongoni miaka mingi zikingoja mzizi wa kunyonya. Pamba huziamsha, lakini kiduha hakiwezi kuishi juu yake, kikafa. Ndiyo maana kuzungusha pamba na mahindi kuna faida zaidi ya fedha ya pamba. Viduha vinavyochomoza kwenye mahindi ving'oe kabla ya maua.

Ghala lililoisha mahindi nalo si tupu. Dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi, hubaki kwenye nyufa za mbao, punje za pembeni na magunia ya zamani. Fagia, choma takataka, ziba nyufa na anika magunia juani kabla ya mavuno mapya kuingia.

Sehemu moja tu nashauri usiijaze: ukingo wa Ziwa Victoria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60, na wenye bustani za nyanya huona ni ardhi iliyolala. Matete na mafunjo ya pale huzuia udongo na mbolea visiingie majini. Mbolea hiyo ndiyo chakula cha magugu maji, yaliyotanda ziwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu hayakukuta adui wa kuyala, mpaka fukusi wake walipoletwa katikati ya miaka ya 1990. Ukitaka mafunjo ya mikeka, muulize kwanza ofisa mazingira wa halmashauri, kisha kata juu na uache mizizi.