Namna ya Kutambua Mitini Adimu na Kubadilishana Pingili Zake

Miaka minne iliyopita nilinunua kwenye mnada wa mtandaoni pingili mbili za mtini, yaani vipande vya tawi vya kupanda, zilizoandikwa Black Madeira, aina ambayo wapenzi wa tini hapa Marekani huitafuta kwa udi na uvumba. Moja ilioza, nyingine ikashika, nami nikailea kwenye chungu huku Maryland, nikiiingiza gereji kila majira ya baridi na kuitoa nje baridi kali ilipokwisha. Kiangazi cha tatu ilizaa. Nilipopasua tini ya kwanza nilikuta nyama ya rangi ya kaharabu, ilhali nyama ya Black Madeira iliyoiva huwa nyekundu iliyokolea kama jemu. Aliyeniuzia hakuwa na hila. Naye alipewa pingili yenye lebo hiyo hiyo, akaipanda, kisha akakata matawi na kuyauza kabla mti haujamzalia hata tunda moja. Kosa hilo lingepita mikononi mwangu pia na kumfikia mwingine kama nisingesubiri.

Ninayoyaeleza hapa yanahusu mtini wa Ficus carica, ule wa Surati Tin, ambao ni binamu wa mikuyu tuliyokulia kando yake. Mtini huu huzalishwa kwa pingili, kwa sababu mbegu yake haitoi mti unaofanana na mama. Kazi hiyo ni ya kale mno: mwaka 2006 watafiti walieleza kuhusu tini kavu za miaka takriban 11,400 zilizofukuliwa katika bonde la Mto Yordani, za aina isiyohitaji kuchavushwa, wakaona kuwa huenda watu walikuwa tayari wakikata matawi na kuyapanda. Tawi likisafiri, jina nalo hubadilika njiani. Mwaka 1955 mtaalamu wa California, Ira Condit, alikusanya maelezo ya aina zaidi ya 600, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kutenganisha majina yanayorejelea mti mmoja. Kadota ya California ni Dottato ya Italia. Calimyrna ni Sari Lop ya Uturuki. Na Negronne huhesabiwa na wengi kuwa ndiyo Violette de Bordeaux.

Kwa hiyo, kabla hujatazama jani wala tunda, uliza pingili imetoka kwa nani, naye aliipata wapi, mwaka gani, na kama mti wake umekwisha kuzaa. Wanaosoma hadithi za Mtume wanajua umuhimu wa isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi kutoka mmoja hadi mwingine. Mtini nao unahitaji isnadi yake. Pingili yenye jina la kifahari lakini isiyo na mlolongo huo iandike kwenye daftari lako kama mti usiojulikana, hata kama uliilipia fedha nyingi.

Jambo la pili ni kujua mti wako uko katika kundi lipi kati ya manne. Mitini ya kawaida huivisha matunda bila kuchavushwa. Mitini ya kundi la Smirna haiivishi chochote bila chavua kutoka kwa mtini dume, chavua ambayo hubebwa na nyigu mdogo sana aitwaye Blastophaga psenes. Kundi la San Pedro liko katikati: tini za mwanzo, zinazotokea kwenye matawi ya mwaka uliopita, huiva zenyewe, lakini tini za msimu, zinazotokea kwenye machipukizi mapya, humhitaji nyigu. Kundi la nne ni mitini dume yenyewe, ambayo ni makao ya nyigu huyo. Nyigu aliletwa California mwaka 1899 ili mashamba ya Fresno yaweze kuivisha tini za Smirna, na hadi leo anaishi huko, lakini huku mashariki hayupo.

Hilo lina uzito kuliko wanunuzi wengi wanavyodhani. Kwa kuwa nyigu yupo California, mbegu za tini huota huko porini, kwenye kingo za mito na nyuma ya majengo, na wapenzi huzipitia, wakachagua miti yenye tunda tamu, wakaipa majina na kuuza pingili zake. Baadhi ya miti hiyo ni ya ajabu kwa ladha. Mingi, hata hivyo, inamhitaji nyigu, na mtu wa Maryland au Ohio akiinunua ataona tini zikifikia ukubwa wa gololi, zikisinyaa na kudondoka kila mwaka. Muuzaji akikujibu kuwa hajui kama mti unahitaji chavua, mshukuru kwa ukweli wake, kisha uamue kama uko tayari kungoja miaka mitatu ili ujue. Aina ya San Pedro si ya kudharauliwa katika nchi ya baridi: Desert King inapendwa sana katika eneo la Seattle kwa sababu ya tini zake za mwanzo, ambazo huiva bila msaada wa mdudu yeyote.

Uchavushaji pia huvuruga utambuzi. Tini ya mti ule ule ikichavushwa huwa kubwa zaidi, nyama yake hukoza wekundu, na mbegu zake hulia chini ya jino. Isipochavushwa, nyama hufifia na mbegu huwa maganda matupu. Kwa hiyo, picha iliyopigwa California si kipimo sawa cha tunda lililoivia kwenye chungu kibarazani mwako. Linganisha tunda lako na picha kutoka mahali penye hali kama yako.

Sasa tuje kwenye jani. Usichukue jani la kwanza unaloliona, kwa kuwa mtini mmoja unaweza kubeba majani ya maumbo matatu kwa wakati mmoja. Acha majani ya chini kabisa, acha ya machipukizi yanayotoka kwenye shina, na chagua matano au sita yaliyokomaa katikati ya tawi lililopata jua. Hesabu vidole vya jani, ambavyo kwa kawaida ni vitatu, vitano au saba, kisha tazama mipasuo kati ya vidole ina kina kiasi gani, kidole cha kati kimepanuka nchani kama mwiko au kimechongoka, na kitako cha jani, pale linapoungana na kikonyo, kimekaa kama moyo au kimenyooka. Andika pia kama kingo zina meno, na rangi ya chipukizi la nchani wakati wa baridi. Jani lenye mabaka ya manjano au lililojikunja lisikuongoze, kwa sababu huenda umbo lake limeharibiwa na batobato ya mtini, ugonjwa wa virusi ambao nitaurudia.

Jani linaweza kukuambia kuwa mti fulani sio ule ulioandikwa kwenye lebo, lakini ni nadra lithibitishe jina peke yake. Ushahidi mkubwa uko kwenye tunda, na tunda lazima liwe limeiva barabara. Tini iliyochumwa siku tatu mapema haina utambulisho wowote, zote hufanana. Asubuhi moja ya mwezi wa nane niliitazama Violette de Bordeaux yangu kwa karibu kabla sijaichuma: shingo ilikuwa imelegea hadi tunda likaning'inia likitazama chini, ngozi nyeusi ilikuwa imepasuka mistari myembamba myeupe kwa urefu, na kwenye jicho lake, ule mlango mdogo wa chini, lilikuwa limetuama tone la asali lililong'aa kama gundi. Hiyo ndiyo siku ya kupiga picha.

Pasua tunda kwa urefu, kutoka kwenye kikonyo hadi kwenye jicho, uliweke kivulini juu ya ubao mweupe, rula kando yake na lebo yake ionekane. Piga picha ya nje, ya ndani na ya jicho. Kisha andika kwa maneno yako: umbo ni la duara, la peasi au lililobanwa, shingo ni ndefu au haipo, jicho liko wazi au limefungwa, na magamba yake yana rangi gani, ngozi ni nene au huchunika, ina mbavu au madoadoa, unene wa tabaka jeupe kati ya ngozi na nyama, rangi ya nyama, na ladha, kama ni ya asali, ya stroberi au ya matunda meusi ya porini. Rekodi tarehe ya tunda la kwanza kuiva. Fanya hivyo kwa misimu miwili, ikiwezekana mitatu, kwa kuwa matunda ya mche mchanga mara nyingi huwa ya majimaji na umbo lake halijatulia.

Hata ukiyafanya yote hayo, zipo aina ambazo hutazitenganisha. Kundi ambalo wakulima hapa huliita Mt. Etna, lenye Hardy Chicago, Sal's, Marseilles Black na nyingine nyingi zilizoletwa na wahamiaji wa Kiitaliano, lina majani na matunda yanayofanana mno, na mjadala wa kama Figo Preto ni Black Madeira haujaisha. Kipimo cha DNA kinaweza kuonyesha kuwa sampuli mbili si mti mmoja, lakini mara nyingi hakioni badiliko dogo lililotokea kwenye tawi. Mimi naona ni busara kuhifadhi jina ambalo mti ulikuja nalo pamoja na mahali ulipotoka, bila kuunganisha majina kwa kukisia. Kuunganisha ni rahisi baadaye, lakini habari iliyofutwa hairudi.

Kubadilishana hufanyika baada ya majani kupukutika, mti ukiwa umelala. Chagua tawi la mwaka mmoja, unene wa penseli, ukate pingili za sentimita 15 hadi 20 zenye vifundo vitatu au vinne, kwa mkasi uliopanguswa kwa spiriti kabla ya kuhamia mti mwingine. Kata chini kwa mshazari na juu kwa mkato ulionyooka, ili mpokeaji asizipande kichwa chini. Vaa glavu na mikono mirefu, maana utomvu wa mtini ukigusa ngozi kisha ukapigwa na jua huunguza na kuacha malengelenge. Jina liandike kwenye gome lenyewe kwa kalamu ya wino usiofutika, kwa sababu vikaratasi ndani ya mfuko hubadilishana wenyewe. Nadhani nusu ya makosa ya majina huzaliwa hapo, mezani, saa ya kufungasha. Ziba ncha ya juu kwa nta, zifunge kwa gazeti lililolowekwa na kukamuliwa kabisa, zitie kwenye mfuko wa plastiki na uziweke kwenye friji. Zitakaa miezi miwili au mitatu bila taabu. Tuma mbili za kila aina, kwani moja huweza kuoza, na mwonye mpokeaji kuwa chipukizi la kijani hutangulia mizizi kwa nguvu iliyobaki kwenye pingili, hivyo asishawishike kumwagilia sana.

Kuhusu thamani, pingili ya aina ya kawaida hapa hupatikana kwa dola chache, na ya aina inayotafutwa imewahi kupita dola 100. Bei hupanda kwa sifa kabla watu hawajaonja, kisha hushuka miti inapoenea. Mimi hubadilishana zaidi ya ninavyonunua, na sharti langu ni kusema wazi mambo matatu: mti umetoka wapi, umezaa kwangu au bado, na una dalili za batobato au hauna. Virusi hivyo huenea kwa utitiri wadogo na kwa pingili zenyewe, na mitini mingi inavyo, kwa hiyo mti wenye madoa machache si wa kuchomwa. Usitume tawi kutoka kwa mti uliodumaa. Epuka pia kutuma miti yenye udongo, kwa ajili ya minyoo fundo, minyoo midogo ya udongoni inayoshambulia mizizi. Na kama aina ina hataza hapa Marekani, yaani haki ya kisheria ya aliyeizalisha, kuizalisha kwa pingili bila idhini ni kosa kisheria.

Nawasihi hasa wenzangu wa ughaibuni wanaotamani kuwapelekea jamaa pingili ndani ya sanduku la nguo: msifanye hivyo. Kwa Tanzania, kibali cha kuingiza mimea huombwa kwanza kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na kwa Kenya huombwa KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea, kisha pingili husafiri na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi zinakotoka. Umoja wa Ulaya umeuweka mtini kwenye orodha ya mimea ya hatari kubwa, na Marekani nayo inataka kibali. Hofu ni wadudu wageni: nzi mweusi wa tini, Silba adipata, aligunduliwa California mwaka 2021, na wakulima wa huko wanapambana naye hadi sasa.

Pingili zikishafika, mpe aliyekutumia habari zilivyokaa, kisha andika jina lake na mwaka kwenye daftari. Mti ukizaa, mpelekee picha ya tunda lililopasuliwa, lenye rula na tarehe, naye atafute la kwake la msimu ule ule ayaweke pamoja. Mwaka jana nilimpelekea hivyo yule aliyeniuzia pingili ya mwanzo, na mwezi mmoja baadaye mti wake ulipozaa akanitumia picha ya tunda lake: nyama ya kaharabu, jicho wazi, shingo fupi, sawasawa na langu. Sote wawili tumefuta Black Madeira kwenye lebo, tumeandika mahali na mwaka tu.