Kabla ya kununua vyuma vya msingi na ukuta wa bloku Bukavu

Upungufu wa vyuma hauonekani siku ya kuchimba msingi. Huonekana fundi akiwa juu, anafunga mkanda wa mwisho chini ya paa, yaani boriti ya zege na vyuma inayozunguka kuta, pesa ya likelemba (mchango wa zamu) imekwisha na duka linadai dola nyingine. Hapo ndipo etriye, zile pete za mraba zinazozunguka vyuma vikuu, zinaanza kuachana sentimita 40 badala ya 20, na mahali ambapo vyuma viwili vilipaswa kupandana sentimita 50 vinagusana kwa ncha tu. Kwa bahati mbaya mkanda huo wa juu ndio unaoshika kuta zote zisifunguke nchi inapotetemeka. Wakaaji wa Bukavu wanalijua hilo tangu tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipopiga mji wetu na majirani wa Rusizi, Rwanda, ng'ambo ya mpaka. Goma nao waliishi siku nyingi za mitetemo baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka Mei 2021. Kwa hiyo hesabu ya vyuma ifanywe yote kabla ya kununua chuma cha kwanza, hata kama utanunua kidogo kidogo.

Anza na plani, hata iliyochorwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, mradi ina vipimo vya kweli. Pima kuta kwenye mstari wa katikati ya unene wake, si upande wa nje. Weka alama ya nguzo kila pembe, kila ukuta unapokutana na mwingine, na katikati ya ukuta wowote unaozidi mita 4. Weka pia alama za milango na madirisha, maana kila uwazi ni udhaifu unaodai linta, yaani boriti fupi, juu yake, na uwazi mpana unadai nguzo ndogo pembeni. Ninachoeleza hapa ni nyumba ya chini, bila etaji (ghorofa), kwenye udongo usiotembea. Ukitaka etaji, au kiwanja chako kinahitaji ukuta wa kuzuia mlima, mlipe mhandisi akupe vipimo vyake. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na tani moja ya chuma iliyowekwa mahali pasipofaa.

Sasa tuchukue nyumba ya mita 8 kwa 6, yenye ukuta mmoja wa kati wa mita 6 unaoigawa katikati. Kuta zote kwa jumla ni mita 34. Semeli, yaani zege pana linalolala chini kabisa, tuipe upana wa sentimita 50 na vyuma vitatu vya 10, yaani vya unene wa milimita 10, vinavyokwenda kwa urefu. Wengi huzidisha 34 mara 3, wanapata mita 102, wanagawanya kwa 12 kwa kuwa chuma kimoja kina mita 12, wanasema: vyuma 9 vinatosha. Havitoshi. Dukani hatununui mita, tunanunua vyuma vizima, na kila kiungo kinakula urefu. Kanuni ninayoishika ni kupandisha mara 50 ya unene wa chuma: sentimita 50 kwa chuma cha 10, sentimita 60 kwa chuma cha 12.

Hesabu vipande, basi. Mzunguko wa nje una mita 28. Kwa viungo vitatu unafika mita 29.5, yaani vyuma viwili vizima na kipande cha mita 5.5, ambacho utakipata kwa kukata chuma cha tatu nusu kwa nusu. Mistari mitatu inakula vyuma saba na nusu. Ukuta wa kati unataka mita 6 pamoja na sentimita 50 za kupinda kila upande ili ushike kuta za nje, jumla mita 7. Kila mstari wake unakula chuma kimoja na kubakiza mita 5. Jumla ya semeli ni vyuma 11.

Juu ya vyuma hivyo kuna vile vya kukatisha upana, vya 8, kila sentimita 20. Upana ni 50, tunaacha sentimita 5 za zege kila upande ili chuma kisiguse udongo, tunabaki na 40, tunaongeza 10 za kupinda juu kila ncha. Kipande ni sentimita 60, na chuma kimoja kinatoa vipande 20 bila mabaki. Tunahitaji kama 172, kwa hiyo vyuma 9 vya 8. Kipimo kama hiki, kinachogawanya 12 bila kuacha kitu, kitafute kila unapoweza.

Nguzo ndizo zinazokula. Nyumba yetu ina tisa: nne za pembe, mbili pale ukuta wa kati unapokutana na zile za mita 8, na tatu katikati ya kuta za mita 6. Kila nguzo ina vyuma vinne vya 10. Urefu wa kila chuma ni sentimita 40 za mguu unaolala ndani ya semeli, sentimita 80 za kupanda hadi sakafu, mita 3 za ukuta, na sentimita 40 za kupindwa ndani ya mkanda wa juu. Ni mita 4.6. Chuma kimoja kinatoa vipande viwili na kubakiza mita 2.8, hivyo kwa vipande 36 utahitaji vyuma 18. Ila kumbuka yale mabaki ya mita 5 ya ukuta wa kati. Yanatosha kabisa kuwa chuma cha nguzo.

Mikanda ni miwili: wa chini unaokaa juu ya msingi, ambao mafundi wanauita lonjirini, na wa juu unaobeba paa. Kila mmoja una mita 34 na vyuma vinne vya 10. Kwa hesabu ileile ya semeli, mkanda mmoja unakula vyuma 14, miwili inakula 28, nayo inabakiza vipande vinane vya mita 5. Ukijumlisha vitatu vya semeli unapata vipande 11, ambavyo vyote vinakwenda kwenye nguzo. Vinabaki vipande 25 tu vya nguzo, yaani vyuma 13 badala ya 18. Jumla yote ya chuma cha 10 inakuwa 11, 28 na 13: vyuma 52. Anayekata kila hatua kivyake, bila kuangalia mbele, atatumia 57 kwa nyumba hiihii. Na aliyegawanya mita tupu kwa 12 alikuwa amepata 45, akaamini yuko salama.

Kwa mama au baba anayejenga kwa awamu hilo lina maana kubwa. Faida ya vyuma vitano inapatikana tu kama vyuma vya nguzo na vya mikanda viko mahali pamoja siku ya kukata. Pesa ikikubali kununua saruji kidogo kidogo, sawa, saruji ikikaa muda mrefu huganda. Chuma kinaweza kungoja. Kilaze juu ya vigogo, mbali na udongo, kifunikwe. Kutu nyepesi ya rangi ya chungwa haina neno, ila ile inayobanduka kwa magamba imeshakula chuma.

Rudi kwenye pembe, maana hapo ndipo nyumba nyingi hupasukia. Chuma cha upande wa ndani kisipindwe kufuata pembe ya ndani. Kikivutwa, kinataka kunyooka, na kikinyooka kinabomoa zege lililo mbele yake. Kipeleke hadi upande wa nje ndipo ukipinde, na uongeze vipande vya pembe vyenye mikono miwili. Kwa mikanda miwili, pembe nne, vipande viwili kila pembe, ni 16. Makutano ya ukuta wa kati yanaongeza 8. Hivyo 24 vinatoka kwenye mabaki ya mita 2.8 ya nguzo, yaliyo 12: kila kimoja kinatoa viwili vya mita 1.3, na sentimita 20 za katikati zinatupwa. Nimesema za katikati kwa sababu vyuma vingi hufika vimekunjwa katikati ili viingie kwenye gari au boti. Chuma kilichokunjwa kikanyooshwa kwa nyundo kimepoteza nguvu pale penye kunjo. Ukikata vipande vya nguzo kuanzia kila ncha, kunjo linaangukia kwenye mabaki. Vyuma vilivyonyooka vihifadhi kwa mikanda, na usiruhusu mtu awashe moto ili kulainisha kunjo.

Etriye ni za chuma cha 6. Nguzo ya 20 kwa 20, ukiacha zege la sentimita 2.5 pande zote, inabaki na pete ya 15 kwa 15. Mzunguko wake ni 60, ongeza sentimita 15 za ndoano mbili, unapata 75: chuma cha mita 12 kinatoa etriye 16 kamili. Ndoano zisikatwe kuokoa chuma, wala zisipindwe pembe mraba tu. Zipinduliwe ndani, kuelekea moyo wa nguzo, vinginevyo tetemeko likija pete inafunguka. Katika sentimita 60 za juu na za chini za kila nguzo ziwekwe kila sentimita 10, katikati kila 20. Nguzo moja inataka 26, zote tisa 234. Mikanda miwili inataka 340. Nguzo zinadai vyuma 15, mikanda 22, jumla 37 vya 6.

Hadi hapa tumehesabu kiwanja tambarare. Hapa Bukavu, kwa watu wa komini ya Kadutu na sehemu nyingi za Ibanda, kiwanja kama hicho ni bahati. Goma semeli hulala juu ya mwamba wa volkano. Kwetu hulala kwenye udongo mwekundu unaoshuka, na lazima ishuke kwa ngazi, kila ngazi ikiwa mlalo sawasawa. Semeli inayofuata mteremko kama barabara itateleza. Tuseme nyumba yetu inashuka mita 1.2 kwa upande wa mita 8: ngazi tatu za sentimita 40. Kila ngazi, kila mstari wa chuma unahitaji kipande chenye mikunjo miwili: sentimita 50 za juu, 40 za kushuka, 50 za chini. Ni mita 1.4. Mistari mitatu, ngazi tatu, kuta mbili, ni vipande 18, na chuma kimoja kinatoa 8. Ongeza vyuma 3.

Kisha nguzo za upande wa bonde zinarefuka hadi mita 5.8. Bado vipande viwili vinatoka kwenye chuma kimoja, ila mabaki ya mita 5 hayazifai tena, yapeleke kwenye nguzo za upande wa mlima. Na vipande vya pembe vilivyokuwa vinatoka kwenye mabaki vitapungua, kwa hiyo andaa vyuma 2 au 3 vingine. Nyumba ileile, mlimani, inafika karibu vyuma 58 vya 10. Akiba ya vyuma 3 juu ya hapo si anasa.

Kuhusu kupitisha chuma ndani ya matundu ya bloku, ni njia nzuri, ila kila tundu lenye chuma lijazwe zege laini kutoka chini hadi juu na chuma kiungane na kile kilichotoka kwenye semeli. Chuma kinachocheza ndani ya tundu tupu hakifanyi kazi yoyote. Kama huwezi kusimamia ujazaji huo, baki na nguzo, na umwagie zege nguzo baada ya kuta kupanda, bloku zikiachwa na meno ili zege liumane nazo.

Siku ya kununua, beba mizani. Uzito wa mita moja hupatikana kwa kuzidisha unene wa chuma kwa wenyewe, katika milimita, kisha kugawanya kwa 162. Chuma cha 6 chenye mita 12 kina kilo 2.66, cha 8 kilo 4.74, cha 10 kilo 7.4, cha 12 kilo 10.66. Vyuma kumi vya 10 viwe kama kilo 74. Vikipima kilo 60, umeuziwa cha 9 kwa bei ya 10, na nyumba imepoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu iliyohesabiwa. Pima pia urefu kwa futi ya chuma, maana kuna vinavyofika mita 11 na nusu, na hapo hesabu yote ya vipande inavunjika.

Mizigo midogo husahaulika: waya wa kufungia, kilo 5 au 6 kwa nyumba hii, na vidonge vya zege vya sentimita 5 vya kuinua vyuma vya semeli. Vimwage wiki moja kabla, kwa saruji ileile ya kazi. Mawe na vipande vya mbao visitumike mahali pa vidonge hivyo, mbao huoza na kuacha njia ya maji. Asubuhi ya kumwaga zege, kabla ndoo ya kwanza haijamwagwa, shika karatasi yako na uhesabu etriye za kila nguzo mwenyewe, pamoja na fundi, kuanzia chini.