Kijana yuko JKT, dirisha limefunguliwa: mzazi unavyomsaidia kuomba chuo na mkopo

Mtihani wa kidato cha sita unafanyika Mei. Vumbi la bweni halijatoka kwenye begi, majina ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) yameshabandikwa na kijana anapanda basi kwenda Ruvu, Mafinga, Oljoro au Bulombora kule Kigoma. Wakati yeye anakimbia mchakamchaka alfajiri, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) linatangaza matokeo, vyuo vinafungua maombi, na Bodi ya Mikopo nayo ina dirisha lake la maombi. Simu hana mkononi, na wewe uliyebaki nyumbani huijui hata namba yake ya mtihani.

Nimepita huko mara mbili, kwa mtoto wa kwanza na wa pili. Wa kwanza tulikimbizana hadi siku ya mwisho, tena usiku wa manane, mtandao ukizunguka. Wa pili nilikuwa nimejifunza kwamba kazi ya mzazi inafanyika kabla dirisha halijafunguliwa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia Januari.

Karatasi, kuanzia Januari

Chukua cheti cha kuzaliwa cha mtoto na cheti chake cha kidato cha nne, uviweke mezani kimoja kando ya kingine. Soma majina herufi kwa herufi. Kwetu cheti kimoja kilisema "Mohamed" na kingine "Mohamedi", na hiyo "i" moja ilitupeleka kwa wakili na kuturudisha mara tatu. Ukikuta tofauti ya namna hiyo, anza mapema taratibu za kiapo au hati ya majina. Jambo hilo halimalizwi kwa siku mbili, na mfumo wa kompyuta haukuonei huruma.

Majina yakishakaa sawa, cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kwa njia ya mtandao. Kwa aliyezaliwa Zanzibar, uhakiki unafanywa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii wa huko. Baada ya uhakiki unapewa namba, na namba hiyo ndiyo Bodi ya Mikopo itakayoiuliza. Kama mtoto amefiwa na mzazi mmoja au wote, cheti cha kifo nacho kinapitia mlango huohuo. Hapa ndipo wajane na walezi wanapokwama zaidi: msiba ulipita miaka kumi iliyopita, watu walizika wakarudi mashambani, cheti hakikuwahi kufuatiliwa. Bila karatasi hiyo, yatima mbele ya Bodi ni mwombaji kama waombaji wengine. Nenda ofisi ya msajili wa wilaya sasa hivi, usingoje matokeo.

Halafu kuna NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa. Kijana akifikisha miaka 18 aandikishwe, maana namba ya utambulisho inahitajika kwenye mkopo, benki na hata usajili wa laini. Kitambulisho chenyewe kinaweza kuchelewa, lakini namba ikishatoka inatosha kuendelea.

Vitu vidogo vilivyobaki: picha za pasipoti za kijana na za mdhamini, nakala ya kitambulisho cha mdhamini, na kama kaya yenu iko TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, namba ya kaya. Mwenye ulemavu atahitaji fomu iliyothibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Vyote viwekwe kwenye bahasha moja, na kila kimoja kipigwe picha safi au kiskaniwe. Nasema safi kwa sababu picha iliyopigwa juu ya mkeka usiku, kivuli cha mkono kikionekana, inarudishwa.

Laini na barua pepe

Kosa linaloumiza watu wengi huanzia steshenari. Mzazi anampa kijana wa pale elfu kadhaa, anamwambia "nijazie", na yule anaingiza barua pepe yake na namba yake ya simu ili amalize haraka. Mwezi mmoja baadaye ujumbe wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) unaingia kwenye simu ya mtu ambaye hata hakumbuki sura yako.

Kabla kijana hajaenda kambini, afungue barua pepe yake mwenyewe na asajili laini kwa jina lake. Namba hiyohiyo itumike chuoni, Bodi ya Mikopo, kila mahali. Akiondoka akuachie laini, uiweke kwenye simu ya pembeni yenye chaji. Nywila ziandikwe kwenye daftari, pamoja na namba yake ya mtihani wa kidato cha nne na ya kidato cha sita. Steshenari nenda ukachapishe na kuskani tu. Kama huna budi kujaziwa, kaa kando ya kiti na usome kila kinachoandikwa.

Mazungumzo ya kozi

Hili lifanyike likizo ya mwisho, mkiwa wawili, na redio imezimwa. TCU hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo wa udahili kwenye tovuti yake. Ndani yake kuna kila kozi ya kila chuo kinachotambuliwa, masomo yanayotakiwa, na nafasi zilizopo. Pakueni msome pamoja. Utashangaa ni kozi ngapi hukuwahi kuzisikia.

Hesabu ya pointi ni nyepesi. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Sifa ya chini ya kuingia shahada ya kwanza kwa wa kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili yanayotakiwa na kozi hiyo, jumla isipungue pointi 4.0. Kwa hiyo D mbili zinafika, C na E zinafika, D na E hazifiki. Lakini hiyo ni sakafu tu. Kozi nyingi zina masharti ya ziada, na udaktari unadai ufaulu wa Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu. Kufikisha sifa pia si kuchaguliwa: kozi inayokimbiliwa na wengi hujazwa na wenye pointi za juu.

Sasa, mzazi mwenzangu, hapa kuna ugomvi. Wewe unataka sheria au uhasibu kwa sababu jirani ana mtoto benki. Yeye anataka kilimo, au sanaa za maonyesho. Niliwahi kumsukuma mwanangu kwenye kozi niliyoitaka mimi. Alikubali kwa adabu, na mwaka wa pili akaniambia kwa simu kwamba alikuwa analia kila akifungua somo moja. Tangu hapo utaratibu wangu ni huu: mtoto anaandika kozi tano kwa mpangilio wake, mimi naruhusiwa kuongeza moja tu chini ya orodha, na haki yangu kubwa ni kuuliza maswali. Ada ni kiasi gani? Ukimaliza utafanya nini? Ukikosa hii, ya pili ni ipi? Orodha ikikubalika aisaini, ibaki kwenye daftari. Utakapokuwa unajaza akiwa kambini, unafuata ile orodha, hata kama usiku umepata wazo zuri zaidi.

Mchanganyiko wa orodha uwe na akili. Asiweke kozi tano za kugombaniwa. Moja au mbili za ndoto, mbili zinazolingana na pointi anazotarajia, na moja ambayo hata matokeo yakiteleza ataipata na bado ataipenda.

Maombi ya chuo

Tangu 2017 waombaji hupeleka maombi moja kwa moja kwenye vyuo, kila chuo na mfumo wake. Kwa hiyo akitaka Dar es Salaam, Dodoma na Sokoine, mtafungua akaunti tatu na kulipa ada ya maombi mara tatu. Mfumo unakupa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, kisha unaendelea kujaza. Matokeo ya NECTA huvutwa na mfumo kwa namba ya mtihani, ndiyo maana tarakimu moja ikikosewa unajikuta unamwombea mtoto wa mtu mwingine.

Tarehe hubadilika kila mwaka. Zisome kwenye tangazo la TCU lenyewe. Za kwenye makundi ya WhatsApp huwa zinazunguka na tarehe za mwaka juzi. Dirisha la kwanza kwa kawaida hufunguliwa Julai baada ya matokeo, na nafasi zikibaki hufunguliwa la pili. Usilitegee la pili. Kozi nzuri huwa zimeshajaa.

Mkopo

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, na maombi yote sasa yanapitia mfumo wake wa mtandaoni, OLAMS. Ada ya maombi imekuwa shilingi 30,000 na hairudishwi. Kanuni ya kwanza: namba ya kidato cha nne utakayoingiza huku iwe ileile iliyotumika chuoni. Aliyerudia mtihani ana namba mbili, na akichanganya, Bodi itaona watu wawili.

Baada ya kujaza, mfumo unatoa fomu ya kuchapishwa. Inapita kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji, kwa mdhamini, na kwa kamishna wa viapo, kila mmoja na saini na muhuri wake. Kisha kurasa zilizosainiwa zinaskaniwa na kupandishwa tena. Kabla ya kubonyeza kutuma, fungua ulichopandisha ukitazame. Ukurasa uliopinduka au muhuri usiosomeka ni sababu za kawaida za maombi kurudishwa. Bodi huwa inatoa muda wa kusahihisha, kwa hiyo baada ya kutuma endelea kuingia kwenye akaunti, angalau mara moja kwa wiki.

Kuna sehemu ya mwombaji kusaini. Najua kishawishi: yuko kambini, saini yake unaijua, nani atajua? Usimsainie. Huo ni mkataba wa deni, na deni ni lake. Miaka ya karibuni maofisa wa Bodi wamekuwa wakipita kambini kutoa elimu ya maombi, na familia nyingine hupeleka fomu siku ya kutembelea. Ulizia utaratibu wa kambi yake mapema.

Na amwambie nani kwamba ni deni? Wewe. Vijana huita fedha ya kujikimu "bumu", na kweli hulipuka ikaisha. Miaka ya karibuni fedha ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Akija kuajiriwa, mwajiri atakata asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi deni liishe. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikiwatesa kaka na dada zake, iliondolewa 2021.

Mkopo hutolewa kwa kadiri ya uhitaji, na mara nyingi si asilimia mia. Piga hesabu ya pengo sasa. Akikosa au akipata kidogo, kuna dirisha la rufaa, lakini rufaa inataka ushahidi mpya, na barua ya malalamiko pekee haitoshi. Kwa waliofaulu vizuri sana masomo ya sayansi kuna pia Samia Skolashipu, ufadhili wa serikali ambao si deni.

Kuthibitisha

Akichaguliwa chuo zaidi ya kimoja, lazima athibitishe kimoja tu, kwa namba ya siri inayotumwa kwenye ile laini uliyoichaji pembeni. Isipoingia, ingia kwenye akaunti ya chuo mnachokitaka uiombe tena. Muda wake ni mfupi. Asipothibitisha anaweza kupoteza nafasi akiwa na vyuo vitatu mkononi. Asiyechaguliwa kabisa aombe dirisha linalofuata, au atazame stashahada zinazosimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi. Kutoka huko watu huingia shahada wakiwa tayari na ufundi mkononi.

Safari

Chuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Akaunti ya benki iwe kwa majina yaleyale ya vyeti, maana fedha ya mkopo itapita humo baada ya kusaini kwa alama ya kidole chuoni. Bima ya wanafunzi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) imekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Lipieni mapema kama hana nyingine. Bumu la kwanza halifiki siku ya kwanza, kwa hiyo atoke nyumbani na hela ya chakula ya mwezi mzima, ikiwezekana imegawanywa: nusu mkononi, nusu kwako umtumie katikati ya mwezi. Vyeti halisi abebe begi la mkononi, si lile linaloingia chini ya basi.

Mwache afue mwenyewe wiki mbili za mwisho. Apike wali usioungua. Kubalianeni siku ya kupigiana simu, na siku nyingine asiposhika usiite ukoo mzima.

Asubuhi ya safari mrudishie laini yake na daftari la nywila, kisha ufute akaunti zake kwenye simu yako.