Gada: rungu la zege la kulegeza na kuimarisha mabega

Gada ni rungu refu la wanamieleka wa India, lenye jiwe la duara kwenye ncha moja. Ndiyo silaha anayochorwa nayo Hanuman, mungu wa Kihindu mwenye umbo la nyani. Kwa kuwa uzito wote uko mbali na mkono, kilo nne tu humtoa jasho hata aliyezoea kunyanyua vyuma vizito zaidi.

Tabora mpini si tatizo, maana mninga upo kwa maseremala. Chukua kipande cha sentimita 110, unene 3.5, kisicho na fundo, na kiwe kimekauka kweli. Mti mbichi husinyaa ndani ya zege, kichwa huanza kucheza, mwishowe huchomoka kikizungushwa. Toboa matundu mawili ya kupishana, moja sentimita 4 kutoka ncha na jingine 7, kisha pitisha misumari ya inchi nne. Ukipigilia bila kutoboa, mti utapasuka. Sehemu itakayozama ipake rangi ya mafuta isinywe maji ya zege. Sehemu ya kushika ipigwe msasa basi, bila vanishi, kwa sababu vanishi na jasho huteleza.

Kichwa kimwage kwenye kopo la rangi la lita mbili: saruji kipimo 1, mchanga 2, kokoto ndogo 2. Lita moja ya zege ina takribani kilo 2.4, hivyo anayeanza atosheke na lita moja na nusu. Usizidishe maji, zege la majimaji hubaki dhaifu. Gongagonga kopo hewa itoke, kisha funga mpini usimame wima hadi kesho yake. Mpini ukiinama, gada itajipindua mkononi daima. Funika kwa gunia bichi siku 7, na kwa jua la Septemba ulimwagie asubuhi na jioni. Isizungushwe kabla ya wiki nne.

Wakati huo jifunze njia ya mzunguko kwa mpini wa jembe usio na jembe.

Simama miguu upana wa mabega, gada wima mbele ya kifua, mikono miwili karibukaribu. Mkono wa kulia ukiwa juu, sukuma kichwa kipite juu ya bega la kushoto, kiangukie mgongoni na kubembea kwenda kulia, huku viwiko vikielekea juu. Kikifika mwisho wa kubembea, vuta viwiko mbele ili kipite juu ya bega la kulia na kurudi kifuani. Kianguke chenyewe, wengi hukishusha kwa mikono, na hapo ndipo bega huuma. Kosa la pili ni kubinua kiuno. Kaza tumbo na makalio, mbavu zibaki chini. Gada ikigusa mgongo, ama viwiko vimeshuka ama ni nzito kwako: pandisha mikono karibu na kichwa cha gada.

Anza na mizunguko 5 kila upande, seti tatu, mara tatu kwa wiki, ukibadilisha mkono wa juu. Ukifika 15 bila kuyumba, shusha mshiko upana wa kiganja kimoja. Mshiko ukifika chini kabisa ndipo utengeneze kichwa kikubwa zaidi.

Acha mita mbili wazi pande zote, watoto wakae mbali. Na kivuli cha mwembe, kitamu kilivyo, kina matawi ya chini.