Jinsi ya Kulitambua Kangaga Linaloparamia Miti Msituni

Katika misitu ya tropiki isiyopukutisha majani, mwanga unaofika chini ni haba, na ndiyo sababu baadhi ya makangaga huota ardhini kisha huparamia mashina ya miti ili kuufuata. Makangaga hayo hufanana sana yakitazamwa kwa mbali, lakini anayeyachunguza kwa utaratibu huweza kuyatofautisha. Beba lenzi inayokuza mara 10, darubini ya macho mawili, rula na daftari. Kisu kibaki mkobani mpaka macho yamalize kazi yake, kwa kuwa shina likikatwa chini, mmea wote ulio juu unaweza kufa.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba ni kangaga. Tafuta jani changa. Jani la kangaga huchipuka likiwa limejiviringa kuanzia nchani, nalo hujikunjua kadiri linavyokua.

Hatua ya 2: Tambua sehemu inayopanda. Swali hili ndilo ninaloliona kuwa muhimu kuliko yote, na wengi hulipita haraka. Ufuate mmea kwa subira mpaka ardhini. Ukikuta kitu chembamba kama waya, kisicho na mizizi, kinachojizungusha kwenye vijiti na mashina madogo, basi huenda umeshika jani moja tu. Katika jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Lygodium shina hubaki ardhini, na kinachopanda ni uti wa jani, ambao huendelea kurefuka kwa mita kadhaa. Huko Florida, ambako si mmea wa asili, Lygodium microphyllum hufunika miti mizima kwa njia hiyo. Lakini ukikuta shina halisi, lililoshikamana na gome kwa mizizi yake na kutoa majani mengi njiani, uko karibu na mojawapo ya jenasi hizi: Stenochlaena, Lomariopsis, Bolbitis au Teratophyllum.

Hatua ya 3: Usihukumu kwa majani ya chini pekee. Mmea mmoja unaweza kuwa na majani ya sura mbili au tatu. Teratophyllum, kwa mfano, huwa na majani madogo ya chini yaliyolala juu ya gome, ambayo mara nyingi yamegawanyika sana, ilhali yale ya juu ni makubwa na vijijani vyake (vipande vinavyounda jani moja) ni vizima. Kwa hiyo andika kila jani ulilolipima lilikuwa kwenye kimo gani.

Hatua ya 4: Tafuta jani lenye spora, yaani chembe ndogo ambazo kangaga huzaliana kwazo. Mara nyingi liko juu, penye mwanga, na hapo darubini husaidia. Pekua pia majani yaliyoanguka chini ya mti. Katika Stenochlaena na Lomariopsis vijijani vyenye spora ni vyembamba kama utepe, na vifuko vya spora hufunika upande wa chini wote badala ya kukaa katika madoa. Stenochlaena tenuifolia ya Afrika na Madagaska ina alama ya ziada inayopendeza: jani lake lisilo na spora hugawanyika mara moja, lakini lenye spora hugawanyika mara mbili. Katika Lygodium, spora hukaa kwenye vidole vidogo vinavyochomoza ukingoni mwa vijijani.

Hatua ya 5: Chunguza mishipa na ukingo. Kielekeze kijijani kwenye mwanga na ukitazame kwa lenzi. Ukiona safu moja ya vyumba vyembamba kandokando ya mshipa mkuu, na ukingo wenye meno makali, hiyo ni Stenochlaena. Lomariopsis haina safu hiyo, mishipa yake hukimbia sambamba kuelekea ukingoni, na kwa kawaida ukingo wenyewe hauna meno makali. Bolbitis heteroclita ina mishipa iliyoungana kama wavu, na kijijani chake cha mwisho mara nyingi hurefuka sana na kubeba chipukizi karibu na ncha.

Ikiwa jani lenye spora halikupatikana, andika jina la jenasi pekee, pamoja na picha za shina, magamba yake na pande zote mbili za jani.